Titi la Dengu

Sefrou, 18 Novemba 2007

Dada yangu Batul,

Amani ya Mungu ikutangulie mlangoni kabla ya karatasi hii, ikukute umekaa vizuri na moyo umetulia. Msalimie sana shemeji yangu Sidi Larbi, yeye na mgongo wake. Sisi hapa hatujambo, sifa zote ni za Mola. Mume wangu Abdeslam bado anachochea tanuri la kupasha maji ya hamamu, bado ananuka moshi wa makapi ya zeituni, na ukimtajia kustaafu anajifanya kiziwi. Binti yangu Widad, kule Meknes, ana mimba ya pili. Mvua imenyesha mara moja tu, tena kwa aibu.

Usishangae mwandiko. Si Widad aliyeandika, ni mimi mwenyewe, Mahjuba, kwa mkono wangu. Mwaka wa pili wa darasa la msikitini umezaa matunda. Mwalimu wetu anasema herufi zangu zinainama kama wanawake waliobeba kuni, lakini zinafika. Na jambo hili siliwezi kwa simu. Simu yenu iko sebuleni, Sidi Larbi yuko pembeni na redio yake. Tutaulizana hali mara sita, salio litakwisha, na la moyoni litabaki moyoni.

Lenyewe ni kifua changu. Unajua walichokiondoa mwezi wa nne, upande wa kushoto. Dripu unazijua, nywele unazijua. Mionzi nimemaliza Septemba, na Daktari Sqalli, yule wa hospitali kubwa ya Fes, anasema kwa uwezo wa Mungu nimesafika. Nikamshukuru, nikainuka nijitande niondoke. Akasema kama mtoto wa dada yangu, "Khalati Mahjuba, kaa kwanza. Unataka titi jingine?"

Dada, ni kama ameniuliza kama nataka mwezi!

Akachukua karatasi akachora. Msichana anayeweza kuwa mwanangu, anachora matiti kama anachora mikate. Akasema, unaweza kuwekewa kifuko cha silikoni chini ya ngozi. Upasuaji wake ni mfupi, siku chache kitandani basi. Ila si kitu cha maisha, miaka ikipita huenda kikataka kubadilishwa, na ngozi iliyopigwa mionzi kama yangu hupenda kukibana mpaka kikawa kigumu. Au wakate nyama ya tumbo waipandishe kifuani. Hiyo ni kutwa nzima juu ya meza, kovu kutoka nyonga hadi nyonga, wiki nyingi za kutembea umeinama, na tumbo halirudi na nguvu zake zote. Lakini ni nyama yako, ina joto lako, inazeeka pamoja nawe. Au msuli wa mgongoni uzungushwe uje mbele, mkono upungukiwe kidogo nguvu ya kuvuta. Na kama sitaki kisu tena, lipo titi la kuvaa ndani ya sidiria, au nibaki hivi hivi. "Lolote utakalochagua," akasema, "jipya halitahisi kama la zamani. Ni la macho na la nguo. Na usiharakishe. Ngozi ipumzike mpaka kiangazi, wewe ufikiri."

Nifikiri nini, na kazi yangu unaijua? Miaka ishirini na sita nawasugua wanawake hamamuni. Nguvu yangu imo mgongoni, tumboni na mikononi, hapo hapo wanapotaka kukata. Na hilo la sidiria nitalivaaje kwenye mvuke, maji yanamwagika kutwa? Nilikwenda kwa Lalla Shuaibia, mwenye hamamu. Akanikumbatia, akalia kidogo, kisha akasema: "Mahjuba, wateja wanakuja kupumzika, hawaji kuogopa. Nafasi yako naishika mpaka Shaaban. Rudi ukiwa kamili."

Kamili. Neno hilo nililibeba mpaka nyumbani.

Juzi nimeota. Mama, Mungu amrehemu, ametupeleka hamamu sisi wawili, wadogo. Mwanga unashuka kutoka matundu ya kuba kama nguzo nyeupe, na sisi tunajificha nyuma ya nguzo za mwanga tukidhani hatuonekani. Akatuita atusuuze. Unakumbuka alivyokuwa akituhesabu huku akimwaga maji ya mwisho? Kichwa kimoja, masikio mawili, mabega mawili, kitovu kimoja, magoti mawili, umetimia, toka. Kwako akamaliza. Kwangu akafika mabegani, akanyamaza, na maji yakasimama hewani, hayakuanguka. Nikaamka nikiwa nimeshika shuka.

Nishauri, dada. Wewe ndiye mkubwa.

Mdogo wako, Mahjuba

*

Oujda, 9 Desemba 2007

Mdogo wangu Mahjuba,

Na kwako amani maradufu. Barua yako niliisoma jikoni nimesimama, tajini ikaungua chini. Sidi Larbi akaila hivyo hivyo, jambo ambalo si la kawaida yake. Mgongo wake unakusalimia. Upepo wa hapa unakausha midomo, na bei ya kondoo wa Idi inakausha yaliyobaki. Herufi zako hazina ubaya, ila acha kuandika mpaka ukingoni mwa karatasi kama mtu anayeogopa kuibiwa nafasi.

Sasa nisikilize. Hapa kwenye jengo letu yuko jirani, mwanamke mtu mzima, mwenye heshima zake, aliyepita njia hiyo hiyo miaka kumi na moja iliyopita. Walimkata Rabat, wakamwekea kifuko cha silikoni. Siku ya tano alikuwa nyumbani. Mpaka leo mwanamke wa mlango wa pili hajui kitu. Amevaa kaftani kwenye harusi za watu, amefunga mkanda, hakuna aliyemtazama mara mbili. Anasema asubuhi ya kwanza alipojiona kwenye kioo alimwona mtu, hakuona ajali. Hilo si dogo, Mahjuba. Usilidharau kwa sababu tu wewe ni hodari.

Ubaya wake, anasema, ni baridi. Mwezi wa kwanza ukifika, mwili mzima una joto na chenyewe kimekaa kama jiwe la mtoni mtu amelisahau mfukoni. Kabla ya sala ya alfajiri hukifunika kwa kiganja mpaka kipate moto. Mtu huzoea.

Habari ya mgongo sahau. Nani atamsugua bibi harusi kwa mkono mmoja na nusu? Habari ya tumbo nayo, wewe tumbo huna, wakikukata hapo watakuta uti wa mgongo. Chukua kifuko. Kama ni gharama, bangili zangu saba zimelala kabatini, hazifanyi kazi yoyote zaidi ya kunikumbusha kuwa mkono wangu umenenepa. Usibishe.

Na huyo Shuaibia mwenye meno manne ya dhahabu, muulize yeye alikuwa kamili kabla ya hayo meno au baada?

Dada yako, Batul

*

Sefrou, 6 Januari 2008

Dada yangu Batul,

Mungu akurudishie Idi nyingine na nyingine, na kila moja ikukute na afya kuliko ile iliyopita. Kondoo wetu alikuwa mdogo na mkali, alimpiga Abdeslam pembe mara mbili, ndiyo maana nyama yake aliila kwa hamu. Widad alikuja. Tumbo lake limekaa juu, wanawake wote wanasema msichana.

Bangili zako ziache mahali zilipo. Nimecheka na nimelia, zote mbili.

Nilimwuliza mwalimu wetu wa msikitini kama kutengeneza titi si kubadili umbile la Mungu. Akaenda kumwuliza fakihi, akarudi na jibu: aliyevunjika mfupa akauunga hakubadili umbile, amelirudisha. Kwa hiyo mlango huo uko wazi, dini hainizuii. Yaani sina hata pa kujifichia.

Abdeslam nilimwuliza pia. Kwa wiki tatu nilikuwa nazungukazunguka, mwisho nikasema, "Mwanamume, wewe unataka nini?" Akakoroga chai mpaka ikapoa. Akasema, "Mimi mtu wa tanuri. Kazi yangu iko upande wa pili wa ukuta. Miaka thelathini napasha moto chumba ambacho sijawahi kukiona. Mimi hunitosha kujua kuwa mmo ndani." Kisha akasema anakwenda kununua mkate. Tulikuwa na mikate minne mezani.

Kifuko, dada, Daktari Sqalli hakitaki kwangu. Anasema aliyepigwa mionzi ni bora atumie nyama yake mwenyewe. Na nyama yangu naihitaji mahali ilipo. Kwa hiyo sijui. Kwa sasa Widad amenishonea kifuko cha kitambaa cha fulana, nimekijaza dengu. Nilizipima kwa kiganja, hizi huku na lile la kulia huku, mpaka zikalingana. Majira ya kuchipua nitaomba nijaribu kazi nimekivaa chini ya shati. Lalla Shuaibia amesema tutaona.

Sasa nikuulize, na usinikasirikie. Huyo jirani yako, mbona unajua kiganja chake huenda wapi kabla ya alfajiri?

Na jambo jingine, maana kalamu imeshashika moto. Siku ya hamamu ya Widad, kabla ya harusi yake, tulikuwa na mishumaa, tulikuwa na hina, vigelegele vimepasua kuba. Wewe, mama yake mkubwa, ulikaa nje kwenye benchi umepakata mafurushi ya nguo zetu, ukasema una mafua. Na kila ulipokuja Sefrou ilikuwa hivyo, leo mafua, kesho umeshaoga kwako. Watu walisema Batul wa Oujda siku hizi anaona maji yetu machafu. Mimi niliamini, dada. Ndiyo maana miaka miwili sikukupigia simu, mpaka uliposikia ninaumwa ukaja na chungu cha supu. Sijawahi kukuambia. Sasa nimekuambia.

Mdogo wako, Mahjuba

*

Oujda, 22 Machi 2008

Mahjuba,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani. Maulidi yamepita kwa heri. Sidi Larbi hajambo. Nimechelewa kujibu, nilikuwa na shughuli.

Jirani yangu hali yake si nzuri sana. Si ule ugonjwa, Mungu aepushe. Ni kile kifuko. Tangu mwaka jana kimekuwa kigumu kama kitasa cha mlango. Akisujudu kinamchoma. Akilala upande huo inabidi nigeuke. Ndivyo asemavyo. Daktari amempa mambo matatu achague: kitolewe asiweke kitu, kibadilishwe kwa kingine, au kitolewe wamtengenezee la nyama ya tumbo, na tumbo analo, Mungu amembariki. Anaogopa yote matatu. Amezoea kuwa mtu ambaye hakuna lililomtokea.

Nilimwuliza mbona miaka yote hiyo ni mumewe peke yake ajuaye. Ana mdogo wake, mtu na dada yake hasa, wanapendana. Akasema hakunyamaza kwa kutompenda. Huyo mdogo wake miili ya watu ndiyo kazi yake. Angelitazama kovu kwa huruma, kwa ustadi, asingeweza kulitazama vinginevyo. Naye alitaka pawe na mtu mmoja duniani anayemwona kama alivyokuwa zamani.

Habari ya hamamu ya Widad: nilikuwa na mafua.

Batul

*

Sefrou, 20 Aprili 2008

Dada yangu, mkubwa wangu, mboni ya jicho langu,

Amani ikushukie kama mvua ya usiku, isiyomwamsha mtu na asubuhi shamba limelowa. Micheri yote imechanua, mji mzima mweupe, ukipita chini yake unatoka na maua mabegani kama mtu aliyetoka harusini. Widad amejifungua. Ni mvulana. Wanawake wote sasa wanasema walijua tangu mwanzo.

Barua yako niliisoma mara moja. Sikuirudia, maana niliielewa. Nimeikunja, nimeiweka ndani ya msahafu. Sitauliza kitu. Nitakupa habari zangu, nawe utampa jirani.

Nilirudi kazini siku ya kwanza ya Aprili, kwa majaribio. Chumba cha kati tu, kile cha joto la wastani, maana mkono wa kushoto daktari ameukataza joto kali na ndoo. Nasugua kwa wa kulia. Chini ya shati nimevaa dengu zangu. Lalla Shuaibia akanizunguka kama anayenunua ng'ombe, akasema, "Mashallah, mtu hawezi kujua." Kweli hakuna aliyejua. Ila mimi, dada, kutwa nzima nilikuwa natembea kama niliyebeba yai la mtu. Nikiinama linaning'inia, likilowa linakuwa zito, namsugua mteja huku kiwiko kinazuia kifuko. Wanawake wakiniambia habari zao, na unajua kwangu wanasema yote, mimi sisikii. Nasikiliza dengu.

Wiki ya pili nikapata homa, nikalala nyumbani siku nne. Kifuko nilikiacha kimelowa, nimekitundika nyuma ya tanuri kikauke, nikakisahau. Siku ya tano Abdeslam kaja mbio, kofia mkononi, uso kama wa mtu aliyeona malaika.

"Mahjuba! Inuka! Titi lako limeota majani!"

Nikadhani moshi umempanda kichwani. Akakitoa kifuko. Wallahi dada, kitambaa kimetobolewa pande zote, vichipukizi vya kijani vimetoka, vimejikunja, kila kimoja na kichwa chake kama mtoto anayechungulia dirishani. Joto la tanuri na maji ya hamamu, basi, dengu zingefanya nini? Tulitazamana. Akaanza yeye kucheka, kisha mimi, nikacheka mpaka kovu likaniuma, mpaka nikakaa chini. Mara ya kwanza tangu mwezi wa nne wa mwaka jana Abdeslam akaweka kiganja chake pale, juu ya nguo, pale palipo tupu. Akasema, "Pana joto." Basi. Kisha akachukua kopo la mafuta, akatia udongo, akazipanda.

Kesho yake nikaingia kazini bila kitu. Mvuke ulikuwa mzito, nguzo za mwanga zimesimama kama katika ile ndoto, nikapita kati yake na shati limenishika mwilini, upande mmoja mlima, upande mmoja uwanda. Mwanamke mmoja akachukua ndoo yake akahamia pembe nyingine. Nilimwona. Hajja Yamna, ambaye nimemsugua tangu ana wajukuu wawili mpaka leo ana kumi na tisa, akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Mahjuba, umekonda upande mmoja!"

"Nimekonda, Hajja."

"Haya, sugua. Mgongo wangu haujakonda, nao unangoja."

Wakacheka, nami nikavaa glavu yangu ya kusugulia. Na siku ile, dada, nikamsikia tena mtu akinisimulia habari zake.

Lalla Shuaibia aliniita mlangoni. Hakusema neno kamili wala pungufu. Alisema, "Jumanne na Alhamisi, asubuhi, wale wazee. Jioni za maharusi nitampa mwingine." Imeniuma. Lakini nimezichukua. Wazee ndio ninaowapenda.

Kwa hiyo nimemwambia Daktari Sqalli kwamba mimi basi, nabaki hivi. Akaniuliza kama ni kwa woga. Nikamwambia woga ninao, lakini si huo. Angekuwa binti yangu ningemwambia atengeneze, kwa nini asitengeneze? Mwili wa mwingine ni wa kuvalia, wa mwingine ni wa mumewe, wa mwingine ni wa kioo chake, na kila mmoja ana haki. Wangu ni chombo cha kazi. Tumbo hili linanyanyua, mgongo huu unavuta. Sitabomoa jiko nijenge sebule.

Lakini mwambie jirani haya si ya kumhukumu. Miaka kumi na moja ya kaftani si uongo, ni miaka kumi na moja. Mwambie pia kwamba namfahamu mwanamke mmoja msuguaji, mpumbavu kidogo, aliyedhani dada yake ana kiburi, kumbe dada yake alikuwa na jiwe la baridi kifuani na mafurushi ya nguo za watu mapajani. Anamwomba radhi. Na mwambie yule mdogo wake hataangalia kwa huruma. Huruma yake yote ameitumia kwa nafsi yake mwaka huu, haikubaki.

Mahjuba

*

Oujda, 28 Juni 2008

Mdogo wangu,

Amani kwako, kwa Abdeslam, na kwa hilo shamba lake la kopo. Sidi Larbi alipolisikia alicheka mpaka mgongo ukamshika, ikabidi nimlaze. Alisikia kwa sababu nilimsomea. Nimemsomea barua zako zote. Ni mtu mwema, na redio anaizima mtu akimwomba, sikuwa nimewahi kumwomba.

Jirani ameamua. Watakitoa kile kifuko na watamtengenezea la tumbo, Oktoba, baada ya Ramadhani na Idi. Amehesabu yote: saa nyingi za meza, wiki za kuinama, hatanyanyua hata birika. Lakini anataka kitu chenye joto. Anasema kama ni kupata kovu refu, basi angalau lilipie moto wa nyumba. Usimshawishi kubaki kama wewe. Yeye si wewe.

Ila kabla ya kisu anataka kuoga mahali. Miaka kumi na moja ameoga peke yake, kwenye beseni, mlango umefungwa kwa komeo. Anauliza kama msuguaji wa Sefrou ana nafasi, na kama ipo saa ambayo watu si wengi.

Batul

*

Sefrou, 6 Julai 2008

Dada,

Salamu zote unazozijua, nazifupisha kwa furaha. Mwambie jirani: Jumanne ya kwanza ya Agosti, asubuhi na mapema. Abdeslam ataanza kuchochea kabla ya alfajiri. Sabuni nyeusi ninayo, udongo wa kuoshea nywele ninao, nguo zake zitapakatwa na mtu mwingine.

Kopo limetoa maua, madogo, meupe, yenye mshipa wa zambarau. Nani alijua dengu zina maua?

Mwambie asilete mafua.

Mahjuba

*

Oujda, 11 Agosti 2008

Mdogo wangu Mahjuba,

Amani ikuzunguke kama mvuke, mbele na nyuma. Nimefika salama. Treni ilikuwa na joto na mama mmoja aliyebeba kuku. Sidi Larbi alikuwa kituoni amenyoa ndevu. Shaaban imeshaingia, dirham za sadaka ulizonipa nimezifikisha.

Naandika kukuambia yale ambayo sikuweza kusema pale, maana mdomo ulikuwa umejaa maji.

Nilipokaa kwenye benchi nje nilitaka kurudi. Mkono ulikuwa tayari kwenye furushi. Kisha nikakuona umesimama mlangoni mwa chumba cha kati, mwanga umekushukia, na hukunitazama kifuani. Ulinitazama miguu. Ukasema, "Batul! Visigino gani hivi? Umetembea kutoka Oujda?" Hapo nikavua.

Ulinisugua mgongo mpaka ngozi ya miaka kumi na moja ikatoka kama vipande vya uzi wa kijivu, nikaona aibu, ukasema hiyo ndiyo inayokuwekea mkate mezani. Ulipofika mbele ulipita kando ya kovu kama mtu anayepita mlangoni mwa msikiti watu wakiwa kwenye sala, hukuharakisha wala hukusimama. Kisha ukaweka kiganja juu ya lile jiwe. Nilingoja useme maskini. Ukasema, "Kweli baridi," ukalimwagia tasa la maji ya moto. Dada yako ni mtu mzima, hakulia. Yalikuwa maji.

Na mwisho ukaanza kunihesabu, kwa sauti ya Mama kabisa. Kichwa kimoja, masikio mawili, mabega mawili, titi moja na jiwe moja, kitovu kimoja, na hapo ukasema, "Tena kiage, tumbo likikatwa Oktoba kinahama," tukacheka mpaka Hajja Yamna akatuuliza kama tumelewa. Magoti mawili. Nikakunyang'anya tasa. Nikakuhesabu nami. Kichwa kimoja, masikio mawili, mabega mawili. Nilikuona umefumba macho, umeshikilia ukingo wa ndoo, nikajua unaingoja ile ndoto, unangoja maji yasimame hewani.

Titi moja, nikasema, na maji yakaanguka.

Kitovu kimoja, magoti mawili, umetimia, toka.

Na hatukutoka, si wewe si mimi. Tukabaki tumekaa kwenye jiwe la moto, mpaka Abdeslam alipogonga ukuta kutoka upande wake kuuliza kama joto linatosha, nawe ukagonga mara mbili kumjibu kwamba tumo ndani.

Batul, jirani yako